“Nisainie Tu, Daktari”: Afya ya Dereva Mpya wa Mizigo Arusha

Kijana aliingia chumba cha daktari Jumatatu asubuhi, fomu ikiwa imekunjwa mara nne katika mfuko wa shati. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa, akaikunjua fomu ile juu ya meza na kuninyooshea kidole mahali pa kutia sahihi. “Daktari, mimi ni mzima kabisa. Nisainie tu, shule inanisubiri.”

Umri wake ulikuwa miaka 26. Sita kati ya hiyo aliitumia akiwa utingo wa Fuso iliyokuwa ikibeba unga na saruji kutoka Unga Limited kwenda masoko ya pembezoni mwa jiji. Tajiri wake alimwahidi kwamba akipata leseni atamkabidhi Canter ya kusambazia bidhaa madukani. Kwa mtu aliyelala miaka sita juu ya magunia, ahadi ya kushika usukani si jambo dogo: ni kodi ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni kutoka ujira wa siku na kuingia mshahara wa mwezi. Nilielewa haraka yake. Hata hivyo nilimwomba asimame mita sita kutoka kwenye chati ya herufi.

Jicho la kulia lilikwama mstari wa tatu, la kushoto mstari wa nne. Alikodoa, akasogeza shingo mbele, kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli, “Hizi za chini mbona zimefutika?”

Hazikuwa zimefutika. Mtu anayeishia mstari wa tatu wa chati ile huona kwa mita sita kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 24. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Kijana huyu angemwona mtoto anayevuka barabara pale Sanawari wakati ambapo mwenzake mwenye macho mazima angekuwa ameshakanyaga breki. Naye hakuwa akinidanganya. Hakujua. Alidhani kwamba watu wote huuona mti kama wingu la kijani, na kwamba majani huonekana moja moja mtu anapokuwa chini yake.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sisi tunaoshika kalamu upande wa pili wa meza. Katika miji yetu cheti cha afya cha dereva kimegeuka kuwa mhuri tu. Mwanafunzi huja kuuchukua kama anavyochukua picha za pasipoti, na mara nyingi mno nasi huutoa kwa moyo huohuo. Ningependa tukiangalie upya, kwa sababu watu wengi wanaoogopa kupimwa wangepimwa na wakaendesha salama, na wachache wasiopaswa kuendesha wangeepushwa na balaa mapema.

Kwanza tuitazame safari yenyewe ya kupata leseni. Anayejifunza huanza na leseni ya muda, ile ya daraja H. Daraja D ni la magari madogo ya kawaida. Magari mazito ya mizigo yako katika daraja E, na mabasi na magari mengine ya abiria yana madaraja yake katika kundi la C. Mafunzo hutolewa na shule binafsi za udereva, na vyuo vya VETA, na kwa ngazi ya juu Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaomtahini mwanafunzi, kisha Mamlaka ya Mapato hutoa leseni, na leseni hiyo hudumu miaka 5. Nayo mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, LATRA, huwathibitisha madereva wa magari ya biashara.

Miaka 5 ni muda mrefu katika mwili wa binadamu. Mtu wa miaka 43 aliyeisoma chati vizuri leo atafika 48 akiisukuma risiti mbali na uso ili aweze kuisoma. Shinikizo la damu hupanda bila kubisha hodi. Kwa hiyo sidhani kwamba kipimo cha siku ya kwanza kinatosha, na nitalirudia hilo mbele.

Arusha si mji wa tambarare, na hili lina uzito kwa dereva mgeni wa lori. Jiji limeketi kwenye mguu wa Mlima Meru, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vinavyolilisha viazi, kabeji, ndizi na maziwa vimepanda juu zaidi: Ilkiding'a, Olkokola, Nkoaranga. Dereva wa kusambaza mizigo hupanda mtupu na kuteremka amejaa, au hupanda na saruji na kuteremka na viazi. Wakati wa masika udongo wa volkano huwa sabuni chini ya tairi, na kiangazi vumbi lake huziba kioo na mapafu kwa pamoja.

Fikiria lori lenye uzito wa tani 10 linaloteremka mlima kwa kimo cha mita 100. Ili lifike chini bila kuongeza mwendo, breki na injini hazina budi kumeza nguvu yote hiyo na kuigeuza joto, na joto lenyewe linatosha kuchemsha karibu lita 30 za maji. Dereva akikanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini, joto hilo lote huishia kwenye vyuma na vitambaa vya breki, navyo vikishapata moto kupita kiasi huacha kushika hata kama havijakatika. Ndiyo sababu mwalimu mzuri humfundisha mwanafunzi kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, na kuiacha injini ilishike gari. Utingo wangu aliyajua haya kuliko mimi. Alinieleza kwa mikono miwili hewani, mmoja ukiwa gia na mwingine mlima.

Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa kwa hesabu. Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara inayoteremka kutoka upande wa Namanga, lori lililopoteza breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Miaka saba kabla ya hapo, tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Siyataji haya ili kumnyooshea mtu kidole. Mashauri ya namna hiyo yana wenyewe. Nayataja kwa sababu kila mara tunapokutana na msiba kama huo tunauliza habari za gari, na ni nadra mtu kuuliza kuhusu mwili ulioketi nyuma ya usukani: ulilala saa ngapi, unaona umbali gani, ulikula nini, unatumia dawa gani.

Kazi ya kusambaza mizigo ndani ya mji huonekana nyepesi ikilinganishwa na safari za kwenda Tunduma au Lubumbashi. Kwa afya, ina neema moja kubwa: dereva hulala kwake. Anaweza kumeza dawa zake saa ileile kila siku, akala chakula cha nyumbani, akahudhuria kliniki. Wanataaluma wetu walipomtazama dereva wa lori zamani, walimtazama kwa jicho moja la UKIMWI, na kwa wakati ule walikuwa na haki. Kati ya mwaka 1990 na 1993, AMREF iliendesha hapa Tanzania kazi ya kuelimisha madereva na wenzi wao kwenye vituo vya malori kwa kuwatumia waelimishaji rika na kugawa kondomu. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini iliacha katika fikra zetu mazoea ya kumwona dereva kama msafiri wa ugonjwa mmoja, hata leo tunapopata dereva anayelala nyumbani kila usiku na ambaye maradhi yake ni mgongo, macho, sukari na shinikizo la damu. Niseme pia waziwazi kwamba mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayetumia dawa vizuri na mwenye nguvu zake, hana sababu ya kinyumbani wala ya kitaalamu ya kuzuiwa kuendesha kwa hali hiyo peke yake.

Siku ya dereva mpya huanza mapema. Saa kumi na moja alfajiri soko la Kilombero tayari lina kelele, na ikiwa ni siku ya gulio la Tengeru au Ngaramtoni, foleni ya kirikuu na Canter huanza kabla ya mwanga. Dereva wa kusambaza haendeshi tu. Anahesabu kreti, anasaini karatasi za mzigo, anabishana na mwenye duka juu ya chupa zilizovunjika, anarudi nyuma kwa rivasi katika uchochoro wa Ngarenaro wenye bodaboda kila upande, na mara nyingi anabeba. Tajiri asiyetaka kulipa utingo humfanya dereva awe utingo pia.

Hapo ndipo mgongo unapoharibika. Watafiti wa afya kazini nchini Marekani waliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua katika mazingira bora kabisa: mzigo ukiwa karibu na mwili, mikono ikiwa na pa kushikia, bila kujipinda. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la lumbesa, ambalo serikali imelipiga marufuku kwa miaka mingi na bado tunakutana nalo sokoni, hupita kilo 100. Dereva aliyeketi saa mbili kwenye kiti kinachotikisika, pingili za kiuno zikiwa zimechoka, halafu akashuka na kuinamia mfuko wa saruji mara moja, ameuweka mgongo wake katika hali mbaya kuliko kibarua aliyekuwa akibeba tangu asubuhi. Namshauri atembee hatua chache kwanza baada ya kushuka. Asiruke kutoka kwenye kebini. Ashuke akitazama gari, mikono miwili ikiwa imeshika na mguu mmoja umekanyaga wakati mguu mwingine unatafuta ardhi. Magoti mengi niliyoyaona yaliumizwa na kuruka huko kuliko ajali yoyote.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo mganga mgeni anaweza kulikosa. Maeneo kadhaa ya upande wa mashariki na kaskazini mwa Meru yana maji yenye madini ya floraidi mengi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wa Maji ya Chai na vijiji jirani huonyesha alama yake kwenye meno ya kahawia. Madini hayo yakiingia mwilini kwa miaka mingi hukakamaza mifupa na viungo. Kwa hiyo dereva aliyekulia huko akija na mgongo mgumu usiopinda, si kila kitu ni kiti cha Canter. Muulize alikunywa maji ya wapi utotoni.

Usingizi ni suala ambalo madereva hulizungumza kwa mzaha, na mimi silioni kuwa la mzaha. Vipimo vilivyofanywa Australia miaka ya 1990 vilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi kama mwenye kileo cha miligramu 50 katika mililita 100 za damu. Akikesha saa 24, hufikia kama miligramu 100. Kikomo cha sheria yetu kwa dereva ni miligramu 80. Maana yake ni kwamba mtu aliyekesha kwenye msiba, kisha akaingia kazini alfajiri, anaweza kuwa amelewa kuliko aliyekunywa, ila kifaa cha trafiki hakitamnasa. Kusinzia kwa sekunde tatu tu kwa mwendo wa mjini ni mita 40 za barabara bila dereva.

Dawa yake si mirungi. Mirungi ni haramu kwa sheria zetu, na hata ingeruhusiwa, humnyima mtu usingizi bila kumrudishia fahamu. Mwili hulipa deni hilo baadaye, mara nyingi kwenye mteremko. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo hufanana naye kwa tabia. Kinachosaidia ni kusimamisha gari mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Tajiri akilalamika, mwulize bei ya gari. Na yule anayekoroma hadi jirani wanajua, anayeamka na kichwa kizito, anayesinzia mchana hata akiwa ameketi kanisani au msikitini, asichukulie kuwa ni uchovu wa kazi. Huenda pumzi yake inakatika usingizini mara nyingi kila usiku. Ugonjwa huo hupatikana zaidi kwa wanene wenye shingo nene, na unatibika.

Kuhusu pombe nitataja hesabu moja tu, kwa sababu madereva wengi ni waungwana: hawanywi wakiwa kazini. Wanakunywa jana yake. Chupa moja ya bia ya mililita 500 huhitaji zaidi ya saa mbili ili iondoke mwilini. Aliyekunywa tano na kuacha saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri bado anazo baadhi yake damuni, hata kama ameoga, amekunywa supu na anajisikia mzima. Supu haiharakishi ini. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, tulipumua kidogo, kwani kilikuwa kinywaji kilichoingia kwenye mfuko wa shati. Lakini kilichobadilika ni chombo, si kiu.

Nirudi kwenye maradhi ya kudumu, kwani hapa ndipo uongo mwingi kati ya dereva na mganga unapozaliwa.

Dereva mmoja wa makamo alikuwa akija kliniki yetu kwa shinikizo la damu. Kila mara kipimo kilisoma 170 kwa 105 au zaidi. Kila mara nilimwuliza kama anameza dawa, naye alijibu “nameza, daktari”, nami nikaongeza dozi. Nilifanya hivyo mara tatu, na leo naona haya. Siku ya nne niliiweka kalamu chini na kumwuliza anamezaje. Alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kwamba vidonge vyake vinamkojoza, na kwamba kutoka Kijenge hadi Usa River hakuna mahali ambapo dereva mwenye mzigo anaweza kuegesha na kujisaidia bila trafiki au wezi. Kwa hiyo siku za kazi hamezi. Siku za kazi zilikuwa sita kwa wiki.

Nilimbadilishia dawa, nikachagua ile isiyokojoza, na baada ya miezi miwili kipimo kilishuka. Kwa mwingine ingetosha kubadili saa ya kumeza. Nakiri kwamba nilikuwa nimemtibu kwa zaidi ya mwaka bila kujua anafanya kazi gani. Jalada lake liliandikwa “mfanyabiashara”. Wenzangu, liandikeni neno “dereva” kwa herufi kubwa juu ya jalada. Litakukumbusha mambo mengine pia: kwamba vidonge vya mafua na mzio vya aina ya Piriton huleta usingizi, na ukivitoa bila kuuliza umempeleka mtu barabarani akiwa nusu macho.

Kisukari kina hatari yake ya pekee. Kinachoangusha dereva ghafla si sukari ya juu, ni sukari kushuka, na hilo huwapata hasa wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Dereva wa kusambaza huruka mlo kwa sababu duka linalofuata linafungwa. Dawa aliimeza asubuhi. Saa saba mchana jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaanza kuona magari mawili pale palipo na moja. Kwa wenye kipimo chao cha sukari, ushauri unaofuatwa katika nchi nyingi ni huu: ikiwa chini ya 4, usiendeshe, ikiwa kati ya 4 na 5, kula kwanza. Ikishuka ukiwa njiani, simamisha gari, zima injini, kunywa soda ya kawaida yenye sukari au kula glukosi, kisha kula chakula, na usirudi kwenye usukani mpaka zipite kama dakika 45 tangu kipimo kirudi sawa, kwa sababu ubongo huchelewa kupona kuliko damu. Asiye na kipimo afuate dalili, wala asijaribu kufika duka moja la mwisho. Chupa ya soda iwe ndani ya kebini, si kwenye mzigo nyuma.

Kifafa ndicho kigumu kuliko yote. Mwanamume mmoja aliletwa kwetu na mkewe, ana kovu bichi la moto mkononi. Alikuwa ameanguka karibu na jiko. Mke ndiye aliyesema kwamba hii si mara ya kwanza. Tulipobaki wawili nikamwuliza anafanya kazi gani. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema anaendesha kirikuu ya kusambaza mikate, na kwamba amekuwa akianguka mara mbili tatu kwa mwaka, “lakini huwa usiku tu, daktari, kwenye gari haijawahi.” Alikuwa na watoto watatu.

Katika chumba kile kulikuwa na watu ambao hawakuonekana: wanafunzi wanaongoja daladala asubuhi, mama mwenye beseni la ndizi kichwani, na watoto wake mwenyewe wanaokula mkate ule. Sikuwa na haki ya kutangaza siri yake, wala sikuwa na haki ya kunyamaza kana kwamba sikusikia. Uingereza, anayetaka leseni ya lori lazima awe amekaa miaka 10 bila kifafa na bila dawa za kifafa. Hata ukiiona sheria hiyo kuwa kali, hakuna mganga ninayemjua ambaye angemruhusu mtu aliyeanguka mwezi uliopita aendeshe gari la mizigo. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Nilimwambia pia kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba kwa wengi hutulizwa na dawa zinazomezwa kila siku bila kukatishwa, na kwamba akiacha dawa ghafla ataanguka zaidi. Akalia. Akanikasirikia. Akaondoka.

Alirudi baada ya siku nne na mkewe. Kwa ruhusa yake, na nikiwa nimemsomea kila neno kabla, nilimwandikia mwajiri barua isiyotaja ugonjwa. Ilisema tu kwamba kwa sababu za kiafya hapaswi kuendesha, na kwamba ana uwezo wa kazi nyingine zisizo za usukani wala mashine. Mwajiri alimpa kazi ya kupokea na kupanga oda stoo. Mshahara ulipungua. Sijui kama ningepata matokeo hayo kwa kila mwajiri. Najua wapo ambao wangemfukuza, na madereva wanajua hivyo kuliko mimi, ndiyo maana wanaficha. Tukitaka wasifiche, lazima pawe na mahali pa kuangukia.

Sheria imeweka sehemu ya mahali hapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya kabla ya kuwapangia kazi na baada ya hapo kwa vipindi, na kipimo hicho si cha kumtafutia mtu kosa. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Dereva akiumia kazini, matibabu na fidia hutoka huko. Tatizo ni deiwaka: dereva wa kushikia gari la mwenzake kwa siku moja, asiye na mkataba, asiyeandikwa popote. Vijana wengi wanaotoka shule ya udereva huanzia hapo. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ambalo dereva mpya angemwuliza tajiri lingekuwa hili: “Umeniandikisha?” Mshahara ungefuata.

Yule kijana wa Jumatatu alikasirika nami pia, ingawa kwa adabu. Nilimwandikia rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa macho na kumwambia fomu itabaki mezani kwangu. Alirejea wiki iliyofuata, miwani usoni, akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alisimama mahali palepale na kusoma mpaka mstari wa sita, akaacha herufi moja. Nilipima shinikizo la damu, mkojo kwa ajili ya sukari, usikivu, shingo na viungo, nikamwuliza kuhusu kifafa, usingizi na pombe, kisha nikatia sahihi. Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika kwamba anaruhusiwa kuendesha akiwa amevaa miwani, nikamshauri anunue ya pili aiweke kwenye gari, kwa kuwa miwani huvunjika siku ya mzigo mwingi.

Miezi kadhaa baadaye nilimwona mlangoni, si mgonjwa. Leseni alikuwa nayo, na Canter ya sabuni na mafuta ya kula ilikuwa imeegeshwa nje, magurudumu yakiwa yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara kama anavyofundishwa mtu wa mlimani. Alimshika mkono mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufi, dereva wa ile Fuso aliyomtumikia miaka sita. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akasema kwamba yeye haumwi chochote, ni huyu kijana tu anamsumbua, tangu siku ile walipokuwa wakirudi Ngaramtoni jioni na yeye akauliza kibao kile kimeandikwa nini.

Nilimsogeza mita sita kutoka kwenye chati. Aliitazama kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena.

“Daktari,” akasema, “Jumamosi mnafungua? Leo nina mzigo.”

Nikamjibu kwamba tunafungua saa mbili. Kijana akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa Fuso.